Njia ya Nyika na Theluji ya Kibo

Hapana mzee wa Kinango awezaye kusema kwamba aliamka asubuhi akaikuta theluji mlangoni pake, wala hapana taarikhi isimuliayo kwamba iliwahi kuanguka katika ile Nyika ya Waduruma, nchi ya mibuyu, miiba na udongo mwekundu, iliyokaa nyuma ya Vilima vya Shimba kama mtu aliyeketishwa nyuma ya wageni wa heshima karamuni, sinia ikamfikia wenzake wamekwisha kushiba. Maana mawingu yatokayo baharini hushuka kwanza juu ya Diani, Msambweni na Shimba yenyewe, na yafikapo Kinango, Ndavaya na Samburu huwa yamekwisha kuutua mzigo wake mwingi. Juu ya hayo, mtu atakaye kuandika kwa uaminifu khabari za theluji ya Afrika ya Mashariki, jinsi ilivyojulikana, jinsi ilivyobishaniwa na wanachuoni, jinsi wakubwa wa Ulaya walivyoizungushia mpaka, na jinsi inavyotoweka katika zama zetu hizi, hana budi kuanzia kwa Waduruma, kwa kuwa njia ya kuiendea ilipita kwao, na walioipita njia hiyo walikuwa na khabari zake kabla ya Mzungu yeyote wa zama za karibu kuiona kwa macho.

Njia zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka Mombasa, ikavuka hori mpaka Rabai au Jomvu, ikaingia nchi ya Waduruma, ikapita Samburu na Taru, mahali ambapo leo ni upande wa kaskazini wa Kinango, ikalikata pori kavu mpaka Maungu, kisha Ndara na Bura katika Taita, hata ikatua Taveta, chini ya mlima. Ya pili ilianzia Vanga na Wasini, ikaufuata Mto Umba kuelekea Usambara na Upare, ikapanda mpaka Ziwa Jipe. Wafanyaji biashara wa pwani walichukua merikani, kaniki, ushanga na masango, nao walirudi na pembe za ndovu na za kifaru. Na katika shughuli hiyo Wadigo na Waduruma hawakuwa watazamaji, bali walikuwa waelekezaji, wapagazi, wauzaji wa vyakula na, ilipobidi, wenye kudai ada ya kupita kwao.

Lililotia hofu katika njia ile ya kwanza halikuwa simba, ijapokuwa simba walikuwapo, bali ni maji. Baina ya Taru na Maungu hapakuwa na mto wala kisima cha kutegemewa, na uhai wa msafara mzima ulikuwa katika ngurunga, yaani yale mashimo ya asili katika mwamba wa Taru ambayo hujaa mvua inaponyesha na kuyahifadhi maji yake mpaka jua liyamalize. Aliyefika mwaka wa heri aliyakuta yamejaa pomoni, majani yakielea juu na viluwiluwi chini. Aliyefika mwaka wa shari alikuta tope, na chini ya tope mwamba. Vibuyu vilijazwa hapo, mizigo ikafungwa upya, na aghalabu watu walitembea usiku ili jua lisiwakute katikati ya pori na koo kavu. Watu hao waliogawiana maji kwa kata ndio waliokuwa wakiuendea mlima uliobeba maji yaliyoganda juu ya kichwa chake mwaka mzima, na sidhani kwamba duniani palikuwa na watu wengine wenye haki zaidi ya kuustaajabia.

Je, walijua nini juu ya weupe ule? Walijua mengi kuliko wanavyodhaniwa. Katika miaka ya 1840, wamishonari wa Church Missionary Society waliokuwa Rabai walipokuwa wakiomba njia ya kwenda Uchaga, liwali wa Mombasa, Ali bin Nasir, alimwonya Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, kwamba asimwache Mzungu aupande mlima ule, kwa sababu umejaa majini. Waliokwisha kuupanda, alisema, waliuawa na majini hao, miguu na mikono yao ilikakamaa, na baruti yao ilikataa kushika moto. Msomaji wa leo huenda akayacheka majini, lakini na ayatazame tena maneno yenyewe. Kukakamaa kwa vidole na nyayo ndiyo kazi ya baridi kali katika mwili wa mtu aliyevaa shuka moja, na kukataa kwa baruti hakumshangazi ajuaye unyevu wa mawingu yauvaao mlima ule kila siku. Liwali alikuwa na ushahidi sahihi. Alilokosa ni jina la mtenda. Wala hakuwa mshamba wa dunia, kwani mwaka 1842 alikwenda London kuwa balozi wa Seyyid Said wa Unguja, akayaona mengi ambayo wenzake waliyasikia tu.

Kisa kingine walichokiandika wamishonari hao ni cha Rungua, mangi wa Machame, ambaye aliutazama weupe wa Kibo miaka na miaka hata tamaa ikamwingia, akisema moyoni mwake kwamba kitu king'aacho namna ile hakiwezi kuwa bure, na yamkini ni fedha. Akatuma watu wengi wakamletee. Wakapanda, wakapotea, akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibiwa na baridi, akasimulia jinsi wenzake walivyoangamia kwa ubaridi na kwa hofu, maana waliyoyapata huko hawakuwa na mahali pa kuyaweka ila kwa mashetani. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu hakina mpumbavu ndani yake. Rungua alifanya kama afanyavyo mtu mwenye akili aonapo jambo asilolijua: alituma watu wakalitazame. Gharama yake ilikuwa kubwa, na jibu alilipata, ijapokuwa silo alilolitaka.

Basi Johannes Rebmann, mmoja wa wamishonari hao, akaondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848, pamoja na Bwana Kheri na wapagazi wachache, silaha yake ikiwa ni mwavuli. Na kwa kuwa Aprili ni mwezi wa masika, atakayeijua Nyika ya Waduruma mvua inapoamua kunyesha hatausema vibaya mwavuli ule. Wakapita nchi kavu iliyokuwa imeanza kuvaa majani, wakaingia Taita, wakaiacha Bura nyuma yao, na tarehe 11 Mei, yapata saa nne ya asubuhi, milima ya Uchaga ikafunuka mbele yao. Juu ya mmoja wao Rebmann aliona weupe wenye kumeta akaudhania wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akajibu kwa neno moja tu, kwamba ile ni baridi. Rebmann alizaliwa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, ambako theluji hufunika mapaa ya nyumba na mashamba wakati wa majira ya baridi, na watoto huijua kabla ya kujua kusoma. Hakuhitaji maelezo zaidi. Mwaka uliofuata mwenziwe, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, tarehe 3 Desemba 1849, nao pia ulikuwa na weupe.

Khabari zilipofika Ulaya na kuchapishwa mwaka 1849, hazikupokewa kwa shangwe. Palikuwako London mwanachuoni wa jiografia, William Desborough Cooley, mtu wa vitabu vingi na safari chache, ambaye alikwisha kuichora Afrika ya kati katika akili yake na hakupenda kuivurugiwa. Akasema kwamba theluji karibu na mstari wa Ikweta haiwezekani, kwamba macho ya Rebmann yalimdanganya, na mwaka 1852 akayatia hayo katika kitabu chake. La ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya aliyoyajua Cooley juu ya bara letu aliyapata kwa Mswahili, Khamis bin Uthman, aliyekutana naye London. Maana yake neno la mtu wa pwani lilimtosha lilipozungumza juu ya Ziwa Nyasa, lakini lilipotoka kinywani mwa Bwana Kheri, aliyekuwa ameutembelea mlima mara nyingi, halikuwa na uzito. Kadhalika hakuwa na haja ya kustaajabu, kwa kuwa tangu mwaka 1519 Mhispania Fernández de Enciso alikwisha kuandika kwamba magharibi ya Mombasa uko mlima mrefu mno, na khabari kama hiyo yamkini ilitoka bandarini, kwa watu waliosikia kutoka kwa watu wa bara. Ubishi ulidumu hata Baron von der Decken alipopanda mpaka mita elfu nne na zaidi mwaka 1862, theluji ikamwangukia juu ya mwili wake, na hata hapo Cooley hakukubali. Baadaye Charles New, mmishonari wa Ribe, aliifikia theluji yenyewe mwaka 1871 akaishika kwa mikono.

Mara theluji ilipokuwa hakika, ikawa mali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawanya nchi, na mstari wao ulianzia wapi? Ulianzia Vanga, katika ncha ya kusini ya nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kwale, mahali ambapo Mto Umba humwaga maji yake baharini katikati ya mikoko. Ukaenda moja kwa moja mpaka Ziwa Jipe, ukalizunguka, ukapita baina ya Taveta na Uchaga, ukaukumbatia mlima kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka tena mpaka Ziwa la Viktoria. Mtu akiitazama ramani huona wazi kwamba mstari ule uliopinda ulikuwa ukifuata takriban njia ya misafara ya Vanga, na kwamba ulipopinda ulipinda kwa ajili ya mlima. Watu hupenda kusimulia kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima wenye theluji kwa siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, nayo ni ya uongo. Wilhelm hakuwa hata amekikalia kiti cha ufalme mwaka huo, na mambo yenyewe yalikuwa ya mikataba ya Wachaga na Wajerumani, bandari ya Mombasa, na mizani ya wanasiasa. Lakini matokeo yake kwa watu wa Kwale yalikuwa ya kweli: Mdigo wa Vanga akawa na jamaa upande wa pili wa mpaka, na theluji ikawa ya serikali nyingine.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu kabisa, mita 5,895 kwa vipimo vya sasa. Walichokikuta huko sicho akutacho mpandaji wa leo. Ukuta wa barafu uliwazuia kabla ya kilele, wakalazimika kuuchonga vidato kwa shoka, kidato baada ya kidato, kwa saa nyingi, pumzi ikiwakatika, na juani weupe ule ulikuwa mkali hata ukaumiza macho. Hivi sasa maelfu ya watu kila mwaka hupanda kwa njia ya kawaida na kukanyaga changarawe na vumbi jeusi mpaka kileleni, barafu ikiwa kando tu, imekatika vipande vipande. Meyer mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitambua jambo hili: aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu imerudi nyuma, na upenyo wa kuingilia kasoko umepanuka, akaandika kwamba hali ikiendelea hivyo barafu ya Kibo haina maisha marefu. Miaka kumi haikuwa imetimia, na hapakuwa na motokaa hata moja katika nchi hizi.

Vipimo vilivyofuata havikuacha shaka. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba 12 za barafu juu ya Kibo. Ndio mwaka ule Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König walipopanda na mbao za kutelezea, wakashuka wakiteleza juu ya theluji chini ya jua la Ikweta, na hata leo kipande cha barafu kilichobaki ndani ya kasoko kinaitwa kwa jina la Furtwängler. Mwaka 1953 zilikuwa zimebaki kilomita za mraba 6.7, mwaka 1989 zikawa 3.3, na mwaka 2011 hazikufika mbili, maana zilikuwa 1.76. Katika karne moja zimeondoka sehemu 85 katika kila mia. Mlima Kenya, ambao mwanzoni mwa karne ya ishirini ulikuwa na mito 18 ya barafu, imeukimbia zaidi ya nusu ya idadi hiyo. Na katika Ruwenzori, ambako Duki wa Abruzzi alikwenda mwaka 1906, mito 43 ya barafu iliyohesabiwa zamani imekuwa mabaki.

Hapa yapasa kwenda taratibu, kwa kuwa watu wengi hulieleza jambo hili vibaya, wakidhani kwamba barafu ya Kibo inayeyuka kama kipande cha barafu kilichoachwa juani katika soko la samaki la Msambweni. Sivyo hasa. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya kaskazini, theluji ina majira yake: huja miezi ya baridi, hukaa, kisha huondoka, na huko nako miezi hiyo inazidi kuwa mifupi na mapaa hukaa meusi siku nyingi za Januari. Kibo hakina majira hayo. Kwake mchana ni kiangazi na usiku ni kipupwe, mwaka wote, na theluji aghalabu haianguki ila mvua inaponyesha, yaani masika na vuli, zile zile zilimwazo na Mduruma na kungojwa na Mdigo. Hewa ya juu kule aghalabu haifiki hata digrii sifuri, na barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja, pasipo kupita katika hali ya maji. Kinachoilinda ni theluji mpya: ikianguka juu ya barafu kuukuu huifunika kwa weupe, na weupe huo huirudisha miale ya jua; isipoanguka, barafu hubaki ya kijivu, imechanganyika na majivu ya volkano, na jua huila. Kwa hiyo mlima huu hufa kwa njia mbili: kwa kupanda kwa joto la dunia, la hewa na la bahari, na kwa ukame, yaani kwa mawingu yatokayo Bahari ya Hindi kuwa haba au kupita wakati usio wake.

Ndipo utakapofahamu kwa nini Kinango inahusika. Wanachuoni wa hali ya hewa wanasema kwamba mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, tangu yapata mwaka 1880, Afrika ya Mashariki ilikuwa kavu kuliko miaka iliyotangulia. Maji ya Ziwa la Viktoria yalishuka, na barafu ya Kibo ikaanza kupungua kabla ya moshi wa viwanda kuwa na nguvu ya kulaumiwa peke yake. Mijikenda, Waduruma na Wadigo wakiwamo, hawakuhitaji kipimo cha ziwa kujua. Njaa ya mwaka 1884, waliyoiita Mwakisenge, na ile ya mwaka 1898 na miaka iliyofuata, waliyoiita Magunia kwa ajili ya magunia ya mchele uliotoka ng'ambo, zimo bado katika kumbukumbu za wazee. Watoto waliwekwa rehani kwa matajiri wa pwani, na wengine hawakukombolewa kamwe. Sisemi kwamba kila njaa ya Nyika inasomeka juu ya Kibo. Nasema kwamba mlima na shamba la Mduruma vinakula chungu kimoja, cha mawingu ya bahari ile ile, na kwamba mlima ulikuwa ukikonda katika miaka ile ile ambayo ghala za Kinango zilikuwa tupu. Mwaka 1961 mvua ilinyesha hata mito ikafurika kote Afrika ya Mashariki, na ndio mwaka ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge wa uhuru wa Tanganyika juu ya Kibo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba. Na mwaka 1997 mvua ya El Niño ilirudia mambo hayo ya mafuriko. Kisha ikaja misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, ng'ombe wakafa Kinango, mabwawa yakakauka mpaka tope likapasuka, na akina mama wakaamka usiku na madumu kuyatafuta maji. Mvua ilipokuja, ilikuja kwa fujo mwishoni mwa mwaka 2023, ikabeba barabara.

Kuna kauli moja isikikayo mara kwa mara, nayo ni kwamba theluji ikiisha, pwani itakosa maji. Imesemwa kwa nia njema, lakini haina msingi, na mambo yenye haki hayahitaji kutetewa kwa hoja za kuazima. Maji ya Mzima, yaliyoletwa Mombasa kwa bomba katika miaka ya 1950, yanatoka katika Vilima vya Chyulu, ambako mvua huzama ndani ya mawe ya volkano na kuibukia chini katika Tsavo. Hayatoki katika barafu ya Kibo. Kabla yake Mombasa ilikunywa maji ya Marere, katika Vilima vya Shimba, umbali mdogo tu kutoka Kinango yenyewe, ingawa Kinango ilikuwa na kiu. Hata mito ya Uchaga na chemchemi za Taveta hulishwa zaidi na misitu ya mlima, ambayo huyakamua mawingu na kuyaachia maji yashuke polepole, kuliko na barafu iliyobaki. Wanaotaka kuyalinda maji basi na wailinde misitu, hususan baada ya moto wa mwaka 2020 na wa 2022 uliounguza miteremko ya juu ya mlima ule. Na wanaotaka kuilinda theluji wasiitake iwe na faida ya matumizi kwanza.

Maana haina faida hiyo, na bado inastahili kulindwa. Dereva wa lori lililojaa ndizi kutoka Taveta, aliyelala njiani na kuamka kabla ya jua, huuona mlima ukiwa wazi kwa muda mfupi, kwanza rangi ya majivu, kisha waridi, kisha weupe ambao hakuna rangi ya merikani wala ya chumvi inayolingana nao, halafu wingu hupanda na mambo yamekwisha. Akifika Mariakani hana la kusimulia ambalo wenziwe wataliamini vya kutosha. Jambo hilo halimpi senti. Lakini watu waliotembea usiku kutoka ngurunga za Taru hata Maungu, mzigo kichwani, hawakulipwa kwa ajili yake pia, na bado waliupa mlima majini, hadithi na majina. Kitu kinachowafanya watu wa nchi kavu waseme sana ni kitu chenye cheo chake.

Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizomo katika maeneo ya urithi wa dunia katika Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwamo, yamkini zitakuwa zimekwisha ifikapo mwaka 2050. Kabla ya hapo, mwanachuoni wa Marekani, Lonnie Thompson, alikisia mwaka 2002 kwamba barafu ya Kibo itakwisha baina ya mwaka 2015 na 2020; haikuisha, na wapo waliomkejeli kwa ajili hiyo, kana kwamba mgonjwa aliyetabiriwa kufa Jumatano na akafika Ijumaa ni mzima. Ni kweli aliikosa tarehe, lakini njia hakuikosa.

Huyo Thompson mwanzoni mwa mwaka 2000 alipanda na watu wake na mashine, wakatoboa barafu mahali sita, wakatoa mianzi mirefu ya barafu yenye matabaka, kila tabaka likiwa na vumbi na hewa ya zama zake. Katika matabaka hayo walisoma ukame mkubwa uliopata kuikumba nchi miaka yapata 4,000 iliyopita, ambao vumbi lake bado lipo. Na barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa ya miaka 11,700, yaani ilikuwapo kabla ya Vanga, kabla ya Mombasa, na kabla ya Mduruma wa kwanza kuipata Nyika. Mianzi hiyo imewekwa Columbus, Ohio, katika chumba cha chuo kikuu kinachopozwa kwa umeme mchana na usiku, kwa kuwa huko nako nje ya mlango wa chumba hicho jua la Julai ni kali, na barafu ya Kibo iliyo juu ya mlima inapungua haraka kuliko ile iliyowekwa sandukuni.